Nyumba ya Reino Yahamia Jimboni

Nyumba ya Reino Kangas ilikuwa inapita mbele ya dirisha la mkahawa, mapazia yakiwa bado yananing'inia, ikivutwa na lori kwa mwendo wa bata aliyeshiba. Nyuma yake alifuata mkewe, Helmi, kwenye gari dogo, paka mapajani, uso umekunjwa kama chapati ya jana. Polisi walikuwa wameifunga barabara mpaka saa sita mchana. Kwenye mkahawa wa Marlys wazee waliacha vikombe wakatazama.

"Duh! Mtu anahamisha nyumba kwa ajili ya kura," alisema Redio. Jina lake ni Waino, lakini tangu astaafu mgodini hajazimika. "Mie hata kwa ajili ya mke sijawahi kuhama."

"Wewe mkeo ndiye aliyehama," Marlys alimjibu, akimimina kahawa.

Dinamiti alicheka mpaka kahawa ikampalia. Huyo ni Stanko Zupanc, aliyelipua miamba miaka thelathini na moja, na sikio lake la kushoto limebaki pambo tu. Kila Reino alipogombea ubunge wa Minnesota, Dinamiti ndiye aliyempigilia mabango. Mara sita. Na mara sita aliyang'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Safari hii wakubwa wa makao makuu walikuwa wamechora ramani mpya. Mashariki ya barabara kukatupwa kwenye jimbo la watu wa ziwani, na nyumba ya Reino ilikuwa mashariki. Sheria inataka mgombea awe amekaa jimboni miezi sita kabla ya uchaguzi, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Basi Reino akakodi kiwanja ng'ambo ya pili, hatua mia mbili tu.

"Jimbo hili lina mkosi," alisema Redio. "Mzee Perko si alikufa Oktoba, Novemba akashinda?"

"Tena kwa kura nyingi kuliko alipokuwa hai," alisema Marlys. "Maiti hatoi ahadi hewa."

"Halafu mpwa wake akafungana kura na mwalimu mmoja, wakatumbukiza majina kwenye kofia ya mgodini!"

"Kisha akaja Dale Skubic, akakiganda kiti kama kupe," alisema Dinamiti. "Lakini mara ya mwisho Reino alipungukiwa kura kumi na moja tu. Kumi na moja, jamani! Hiyo ni harusi ndogo ya Kifini."

Redio alitandaza gazeti mezani, akaifuata ramani kwa kidole. "Oneni walivyochora. Mpaka unashuka na barabara, unapita hapa kanisani kwa Mtakatifu Barbara, unapita shuleni..."

"Kanisani wapi?" Dinamiti alimsogezea sikio zima.

"Mtakatifu Barbara. Imeandikwa."

"Waino, kanisa hilo sasa liko wapi?"

Redio alinyamaza. Watu wa siti za nyuma waligeuka kuona kulikoni.

"Chini ya maji," alisema Marlys polepole.

Mgodi ulishakula kijiji cha zamani, kanisa, shule na barabara yake. Kijiji kikasogezwa, barabara ikasogezwa, shimo likajaa maji. Waliochora walitumia ramani ya kale.

"Barabara hiyo niliilipua mwenyewe," alisema Dinamiti. "Mpaka uko shimoni, maili nzima magharibi. Reino anavuka bure, bado yuko nje!"

"Basi mwache," alisema Redio. "Mara ya saba ya nini? Apumzike, nasi tupumzike."

Dinamiti aliyafikiria magoti yake, akayafikiria mabango. Ukimya ungemfaa. Akatazama nje, akamwona rafiki yake kando ya lori akiipigia nyumba makofi kama ng'ombe wa maonyesho.

"Unangoja nini, mzee?" Marlys alifoka. "Unataka ukamchumbie kwanza ndipo umwambie?"

Dinamiti akatoka na leso ya kulia shingoni, akasimama mbele ya lori.

"Toka, Stanko! Zimebaki dakika arobaini barabara ifunguliwe!" Reino alipaza sauti.

"Mpaka uko shimoni, bwana wee! Wamechora barabara ya zamani!"

Reino alilitazama shimo, akaitazama nyumba, akayakwepa macho ya Helmi. "Ng'ambo ya shimo kuna kiwanja gani chenye kisima?"

"Kimoja tu. Malisho ya Skubic."

Wote walikuwa wameshatoka nje. Reino alitoa simu.

"Dale? Reino hapa. Naomba nije nikae kwako. ... Ndiyo, na nyumba. ... Ili nikushinde, Dale, kwani unadhani ili iweje?" Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza kama naleta na sauna yangu ya kuogea mvuke. Ya kwake iliungua."

Lori likakipita kile kiwanja cha kukodi, likanyoosha moja kwa moja.

Reino alifika malishoni saa sita kasoro dakika nne. Novemba alishindwa kwa kura mia mbili na nne, na hajagombea tena. Skubic alikaa muhula mmoja zaidi, akahamia Arizona kwa binti yake. Redio alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Dinamiti alipasuliwa goti moja. Marlys aliuza mkahawa. Helmi alipanda viazi malishoni, vikastawi, akakataa kuhama. Kiti cha ubunge sasa amekikalia mwanamke mmoja mfuga nyuki, ambaye wale wazee hawakuwahi kumwona.