Nyongeza ya Bure Iliyokimbiza Birere

Leo nimeficha katuni ndani ya karatasi ambazo mama yangu anafungia sambaza.

Ndiyo. Mama muuza samaki wadogo wa kukaanga. Karatasi za kufungia samaki. Na mimi, ambaye walimu wananiita "akili nyingi, kazi hakuna", nikaona hapo ndipo mahali salama. Chekeni kwanza, nitangoja.

Mmemaliza? Sasa sikieni, maana mimi sicheki. Mimi nimekasirika.

Tulitoka shule na Dieume, tukapita Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kwa muuza magazeti wa karibu na maduka ya vitenge. Nikaona gazeti la katuni ndani ya plastiki, limefungwa pamoja na kijitabu chembamba. Juu yake herufi kubwa: NYONGEZA YA BURE! HADITHI YA ZAMANI, KAMILI!

Dieume akakunja pua. (Dieume ni rafiki yangu. Ana maoni juu ya kila kitu, hasa vitu asivyovijua.)

"Achana nayo. Hizo nyongeza wanazifagia ofisini, ni takataka ya bureau yao. Wanachukua vitu vya zamani, wanavichapa kwa karatasi ya choo, wanaweka ndani ili plastiki inenepe."

"Bure ni bure."

"Ya bure njo inaumizaka tumbo." (Kwetu "njo" ni "ndiyo".)

Nilikuwa karibu kukubali. Halafu nikaona picha ya mbele. Mapengo!

Kwa wale msiomjua: Mapengo ni mpelelezi asiye na meno ya mbele, anatembea na mbuzi anayekula ushahidi. Nilimsoma nikiwa shule ya msingi. Mara ya mwisho nilimwacha ananing'inia kwa kamba juu ya mto, na mbuzi wake mwenyewe ameanza kutafuna ile kamba. Chini wameandika: itaendelea toleo lijalo.

Toleo lijalo! Wiki ileile mlima wetu wa volkano ukawaka. Tukakimbilia Sake kwa miguu, Mama na sufuria kichwani, mimi na godoro. Tuliporudi, nyumba yetu ya Buhene ilikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi. Kisha ikaja vita. Barabara ikafungwa na hawa, ikafunguliwa na wale, ikafungwa tena na sijui nani. Maharagwe yenyewe hayakufika, nani angetuletea katuni? Watu wanasema vita iliwanyang'anya shamba, ng'ombe, nyumba. Mimi pia nilitaka nyumba. Lakini nilitaka pia kujua kama Mapengo alianguka. (Msinihukumu. Kila mutu na kidonda chake.)

Nikanunua.

Gazeti lenyewe lilikuwa zito, linang'aa kama kiatu cha Jumapili. Nyongeza ilikuwa ya kijivu kama majivu, wino wake ulinishika kidole gumba kabla sijafungua. Na kabla sijafungua, sauti ikavuka barabara:

"Weye! Kuja hapa!"

Mama. Meza yake iko upande wa pili. Na Mama alishapiga marufuku katuni zote mpaka egzamu ziishe. Akiona shati la shule limevimba, anakupapasa kama askari wa barrière, kizuizi cha barabarani. Gazeti nikamsukumia Dieume, akapotea nalo kama moshi. (Hiyo haikuwa takataka ya bureau, eh?) Nyongeza nilikataa kumpa. Nikafika kwa Mama huku nimeibana kwapani, nikajifanya naweka begi nyuma ya kiti chake, nikaisokomeza katikati ya gunia la karatasi.

Nani anatafuta karatasi ndani ya karatasi? Nilijipongeza. Kweli nilijipongeza!

"Chukua bidon, ulete maji," akasema.

Kwenye bomba foleni ya bidon za njano ilikuwa imezunguka kona. Nikasimama pale nikimwaza Mapengo. Nilirudi na maji begani, na nikaona mkono wa Mama unamfungia mteja sambaza. Ndani ya nini? Ndani ya uso wa Mapengo! Mafuta yamempenya mpaka anaonekana upande wa pili, na kasamaki kamoja kamelala juu ya pua yake.

"Mama! Hizo karatasi!"

"Karatasi ziko na nini?"

Nikaangalia gunia. Mama alikuwa ameng'oa vile vyuma vinavyoshika kijitabu katikati na kuzitandaza karatasi zake vizuri. Sasa fikirini kidogo: kijitabu kikifunguliwa hivyo, ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni karatasi moja. Ile ya juu kabisa. Ile inayoenda kwanza.

"Ya juu imeenda wapi?"

"Papa mumoja wa koti ya kijani ameibeba sasa hivi. Juu ya nini? Weye, kwa nini unauliza?"

Nikaona koti la kijani linakata kona. Nikatupa bidon. Nikakimbia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mutu wa Goma hapaswi kulifanya. Goma hatukimbii ovyo. Mji ambao umeona yale tumeona, mutu akikimbia huulizi. Unakimbia naye, mtaulizana mbele.

Mama mmoja wa nyanya akaniona napita na macho yametoka. Akabeba beseni. Jirani yake akaona beseni limebebwa, akavuta turubai. Nikasikia milango ya chuma ya maduka inashuka nyuma yangu: krrr, krrr, krrr! Motari wakawasha pikipiki bila abiria. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaigeuza na viazi vyake vyote. Na wote, wote kabisa, wakaanza kukimbia upande wangu.

"Ni mlima ao ni vita?"

"Sijui! Kimbia!"

Mimi sikujua kama ni mimi! Nilisikia kelele nyuma yangu, nikaogopa, nikaongeza mwendo. (Ndiyo. Nilikimbia tetesi yangu mwenyewe.) Lakini mbele niliona koti la kijani nalo limeanza kukimbia, na mkono mmoja juu, umeshika kifurushi cha sambaza kama mwenge. Mimi namkimbiza yeye, yeye anakimbia mlima, Birere nzima inatukimbiza sisi wawili.

Tulimaliza pumzi kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka. Koti la kijani likageuka.

Directeur wa nidhamu wa shule yetu.

"Kijana!" akasema, jasho linamtiririka. "Imefika wapi?"

"Nini, Monsieur?"

"Lava!"

"Hakuna lava, Monsieur."

"Basi wamefika wapi?"

"Hakuna mutu amefika, Monsieur."

Watu wakatuzunguka. Wamebeba watoto, redio, kuku, mwingine kashika kiatu kimoja. Mama wa nyanya akanishika sikio.

"Alors weye mwenye kuanza kukimbia! Umeona nini?"

Nilitafuta uongo. Mimi ni bingwa wa uongo, walimu wangu wote watawaambia. Leo hata mmoja haukuja.

"Natafuta... ukurasa wa mwisho wa katuni. Uko kwa sambaza ya Monsieur."

Jamani. Ningependelea lava.

Directeur akaniangalia. Akaangalia kifurushi. Kisha, polepole, mbele ya watu wote, akala sambaza zake moja moja mpaka ya mwisho, akalamba kidole, akanipa karatasi.

"Soma. Kwa sauti."

Nikaikunjua. Pande mbili za karatasi zilikuwa zinaonekana kwa pamoja kupitia mafuta. Lakini nilimwona. Mapengo. Kamba. Mto. Mbuzi anafungua mdomo...

"Alors?" akauliza mwenye chukudu. "Alianguka ao hakuanguka?"

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika: itaendelea toleo lijalo.

KAMILI, walisema! Walichapa upya gazeti lilelile! Lile nililosoma kabla ya mlima! Nyongeza ni wizi unaokuja umevaa utepe! Nikawaambia watu ukweli huo, na badala ya kuwakasirikia wachapaji, wakanikasirikia mimi.

"Yaani nimefunga duka," akasema mmoja, "na mbuzi hata hajamaliza kamba?"

Directeur alinipa ahadi ya Jumatatu, bureau yake, pamoja na mzazi. Nikarudi nimeinamisha kichwa, watoto wa barabara wananifuata nyuma wanalia "mee! mee!"

Na Mama? Mama ndiye mutu pekee wa Birere ambaye hakukimbia. Aliona mwanzo wa kukimbia ulikuwa mimi, akaendelea kugeuza samaki. Na watu waliporudi, njaa ya mbio imewakamata, meza iliyokuwa wazi ni ya nani? Waliposambaa, kila mmoja alienda nyumbani na kipande cha Mapengo. Sufuria tupu. Gunia tupu.

Dieume naye alikuwa pale. Amekamatwa, gazeti langu zuri liko mikononi mwa Mama. Mama alikuwa anasugua ukurasa mmoja kati ya vidole, kama anachagua kitenge. Nikapiga magoti kabla hajasema kitu. Nikangoja kofi. Hakuniangalia hata usoni.

"Hii ya kununua inateleza," akasema, "mafuta yote inabaki kwa vidole vya batu. Ile ya bure njo karatasi. Kesho uniletee ya bure tu."