Weusi Usiopatikana Dukani

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia wala kitu kingine chochote kinachotolewa cheti, lakini jina lilimkaa vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kukataa zawadi. Asubuhi hiyo alisimama ndani ya duka la kompyuta, mikono nyuma kama mkaguzi, akimtazama mama mmoja mstaafu aliyekuwa ametandaza futi ya kushonea mbele ya skrini pana kuliko zote.

"Nataka nione bawa la kushoto na la kulia bila kugeuza shingo," mama alikuwa akimweleza muuzaji. "Nikiwa narusha ndege kwenye kompyuta. Shingo yangu haigeuki tena kama zamani."

Muuzaji alijua bei tu, kwa hiyo akataja bei. Mama akakunja futi yake, akashusha pumzi ndefu. Injinia aliisikia ile pumzi, na moyo wake ukachangamka.

Tumtendee haki: siku hiyo hakuwa akisukumwa na tamaa peke yake. Nyumbani kwa dada yake, alikokuwa akilala kwenye kochi tangu mwaka uliopita, kulikuwa na skrini ya inchi arobaini na tisa iliyoziba dirisha zima la sebule. Aliipata katika ukumbi mmoja wa starehe, alikoitwa kuifunga ukutani. Aliifunga, ikaanguka, na mwenye ukumbi akamwambia hayo ndiyo malipo yake, abebe aende. Theluthi yake ya kulia ilikuwa imekufa, nyeusi tii. Dada mtu, mwalimu wa hisabati asiyependa maneno mengi, alimpa mpaka Ijumaa: skrini itoke, na isipotoka, itatoka pamoja na mwenyewe. Ijumaa ndiyo ilikuwa leo.

Akamfuata mama hadi nje, akamwamkia kwa adabu zote.

"Mama, umefanya vizuri kutonunua ile. Imepinda mno. Ukikaa mbele yake utajiona kama umo ndani ya sufuria."

"Kweli?"

"Na zile namba za kasi ya picha wanazojisifia, hizo ni za vijana wanaopigana risasi kwenye michezo ya kompyuta. Ndege ya abiria inamkimbiza nani? Wewe unahitaji vitu viwili tu: upana, na weusi."

"Weusi?"

"Ukiruka usiku, mama, skrini za kawaida zinakupa anga la kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Mimi ninayo moja nyumbani. Weusi wake hutaupata dukani."

Hapo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku ile, Injinia alisema kweli tupu.

Mama akafikiri kidogo. "Mimi nimefanya kazi uwanja wa ndege miaka thelathini na moja," akasema. "Tangu nistaafu nazikumbuka sana ndege."

Injinia akamwona akilini, amebeba mafaili koridoni, labda na birika la chai. Hakumuuliza alifanya kazi gani huko. Ilikuwa kasoro yake ya zamani: alipenda maswali ambayo jibu lake alikuwa nalo tayari.

Alasiri alifika kwa mama, ghorofa ya pili, skrini ikisukumwa kwa mkokoteni mpaka chini ya ngazi na kubebwa kwa kulaaniwa mpaka juu. Kwapani alikuwa na kompyuta ya dada yake, aliyoiazima bila kumsumbua kwa kumwomba. Chumbani palikuwa na meza ndefu, usukani wa ndege uliobanwa pembeni yake, na kiti kilichong'olewa kwenye gari kuukuu. Akaunganisha nyaya haraka, akawasha video aliyoichagua kwa makini: ndege inatua usiku.

Taa za mji zikatokea kushoto, zikameremeta. Kulia hapakuwa na kitu.

"Mbona upande huu giza tupu?" mama akauliza.

"Bahari hiyo, mama."

"Ahaa. Bahari."

Ndege ikashuka, magurudumu yakagusa lami. Taa za ukingo wa kushoto zikaanza kupita moja moja. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na sasa? Bado ni bahari?"

"Uwanja wenyewe uko ufukweni kabisa."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. Injinia akaona kazi imekwisha, akaanza kuliwazia lile kochi ambalo sasa angelilalia peke yake, bila skrini, kwa amani.

"Nina shida moja tu," akasema mama, akaenda nyuma ya pazia. Palikuwa na boksi refu lililozungushiwa utepe wa gundi pande zote, na ubavuni limeandikwa inchi hamsini na saba. "Hili nililinunua mwezi uliopita. Upana wake sentimita mia na thelathini na tatu, na meza yangu ni mia na ishirini na tano. Nilipima nikiwa nimeshachelewa. Unaonaje tukibadilishana?"

Injinia akakohoa, maana mate yalikuwa yamepita njia isiyo yake. Inchi hamsini na saba, mpya, ndani ya boksi.

"Mama, mimi ni mtu wa kusaidia watu," akasema.

"Naona. Ila yangu ni kubwa, itabidi uniongezee. Niachie na hiyo kompyuta. Ni yako?"

"Yangu kabisa."

Alishapiga hesabu: akiiuza hiyo kubwa, dada atapata kompyuta mpya, na huenda asigundue kama ile ya zamani ilitoka. Akanyoosha mkono kwenye boksi. "Tuifungue basi, tuione."

"Fungua tu, mwanangu. Ila yule bwana aliyeniuzia alisema boksi likishachanwa, bei inaanguka nusu."

Maneno hayo Injinia aliyajua vizuri. Yeye mwenyewe aliwahi kuyasema kwa watu wengi, na kila mara yalifanya kazi. Akainua boksi upande mmoja, likawa zito. Akaligonga, likatoa mlio wa kitu imara. Akaliacha lilivyo, akateremka kutafuta mkokoteni. Aliporudi, mama akampa bahasha iliyofungwa.

"Maelekezo," akasema. "Usome ukifika."

Dada yake alimkuta sebuleni na kisu mkononi, jua likiingia dirishani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Boksi lilikuwa limefunguka. Ndani, ukiwa umeviringishwa blanketi mbili, ulilala mlango wa kabati la nguo, na kitasa chake.

Dada akaiokota bahasha, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma majina darasani:

"Mwanangu, njia ya kurukia ndege ina taa pande zote mbili, hata ikiwa ufukweni. Miaka yote ile nilikuwa mnarani, naongoza ndege kutua, na sijaona bahari iliyofika katikati ya lami. Mlango huu niliuziwa nje ya duka lilelile na bwana mwenye maneno matamu kama yako. Skrini yako itanifaa. Upande mzima unatosha kurukia, ule mweusi nitautundikia koti. Kompyuta imebandikwa karatasi: mali ya mwalimu wa hisabati. Aje aichukue mwenyewe, na akipenda nitamfundisha kutua."

Chini yake kulikuwa na namba ya nyumba. Dada akaikunja barua, akaitia mkobani, akavaa viatu.

"Dada, naweza kueleza."

"Najua unaweza."

Akainama, akajaribu kile kitasa. Kilifanya kazi vizuri.

"Mlango unao tayari," akasema akitoka. "Sasa katafute nyumba ya kuutia."