Nyekundu Kuliko Zote

Jumatatu, 14 Julai 2025
Siku kubwa! Mashine yangu ya kutotolea vifaranga imekamilika. Hita, feni, kipimajoto, na bodi ya saketi niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe. Bigwa, mtaa wetu hapa Morogoro, haijawahi kuona kitu kama hiki. Kikundi cha wafugaji kinataka mashine thelathini. Ijumaa wanakuja karakana kuamua. Nimeshanyoa ndevu.
Dosari moja, ndogo. Feni ikiwaka, redio ya jirani yangu Mzee Rehani inakoroma hadi mpira hausikiki. Kipimajoto nacho kinaruka kutoka thelathini na saba hadi sitini. Nimemwambia Mzee redio yake imezeeka. Akasema ni kweli, ila inazeeka pale tu ninapowasha mashine.

Jumanne, 15 Julai
Maimuna, injinia niliyemwajiri mwaka jana (ana shahada, hana unyenyekevu), anadai bodi yangu inavujisha mawimbi ya umeme. Anataka kuijaribu kwenye kompyuta. Eti kompyuta inaigawa bodi vipande vidogo maelfu, inapiga hesabu ya kila kipande, kisha inachora mahali mawimbi yanapovuja. Nimemwambia nilikuwa natengeneza redio kabla hajazaliwa. Akasema sawa fundi, akawasha kompyuta.
Mimi nimetumia akili. Nimeifunga mashine yote kwa karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia samaki. Iling'aa! Kisha karatasi ikagusa bodi. Shoti. Nimekaa sakafuni kwa muda, kwa heshima zote.

Alhamisi, 17 Julai
Hesabu za Maimuna zimekwisha. Picha mbili: bodi yangu, na ile aliyoirekebisha yeye. Yake ni bluu tupu, imepoa kama chai ya asubuhi iliyosahauliwa. Yangu nyekundu kona hadi kona! Sikuuliza maana yake. Fundi mkuu haulizi. Maimuna alipokwenda stendi ya Msamvu kupokea kapasita, vidude vyake vya kumeza mawimbi, zilizokuja na basi, nikaichapisha picha yangu kwa ukubwa wa bango. Ya kwake nimeifungia kabatini.

Ijumaa, 18 Julai
Wafugaji wamefika. Mwenyekiti wao ni Mama Hidaya, mwalimu mstaafu wa fizikia. Hakuna aliyenidokeza! Nikasimama mbele ya bango, nikatangaza kwamba Morogoro nzima hakuna bodi nyekundu kama hii. Mama Hidaya akavaa miwani, akauliza nyekundu ni nini. Nikasema ni nguvu. Maimuna akatazama viatu vyake. Mama Hidaya akasogea, akasoma maandishi madogo pembeni: mawimbi yanayovuja.
"Kwa hiyo, fundi," akasema kwa upole, "unatuonyesha pancha?"
Papo hapo feni ya mashine ikawaka. Nyuma ya ukuta redio ikanguruma, na Mzee Rehani akaniita kwa jina langu, Castory, na la marehemu baba yangu.
Maimuna akaomba dakika kumi. Akatoa begini bodi aliyoitengeneza jana, akaifunga ndani ya mashine. Waya wa feni mfupi. Kapasita mbili, palepale kompyuta ilipoonyesha. Akawasha. Kipimajoto kikatulia. Kupitia ukuta tukamsikia mtangazaji wa redio neno kwa neno.
Makofi! Walikuwa wanamtazama Maimuna, lakini mimi ndiye niliyesimama karibu naye.

Jumatatu, 21 Julai
Oda tumepata! Mama Hidaya ameandika kwenye mkataba kwamba kila bodi ipitie kwanza kwenye kompyuta ya Maimuna. Nimesaini kama Mkurugenzi. Nimemwambia binti huyu kwamba nimemfundisha vizuri. Akasema ahsante fundi, kwa sauti ambayo nimeamua ni ya shukrani.
Mchana shule moja ya jirani imeniomba kengele ya umeme. Maimuna akataka kuipigia hesabu kwanza. Kengele! Nimeichora kwa dakika tano nyuma ya bahasha. Akauliza itafungwa karibu na nini. Nikamwambia chumba cha kompyuta cha shule, kina ukuta imara. Ameshika kichwa.
Nadhani amevutiwa.