Malalamiko Kuhusu Gari Kupona

Kwa Fundi Mkuu,
Gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta.

YAH: GARI LANGU KUACHA KUCHEMKA

Bwana Fundi,

Natumaini barua hii inakukuta umeshanawa grisi. Mimi ni yule mama wa pikapu ya viti vya kukodisha, mjane wa mzee aliyekuwa akijaza madumu ya maji kwenye bomba lenu kila tulipopita naye. Naandika kwa heshima zote kulalamika kwamba umelitibu gari bila kuniuliza kama nataka lipone. Ni kweli nililileta mwenyewe, shemeji yangu aliposhikilia. Lakini nilisema uliangalie tu, na kuangalia si kutibu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulifanya haraka. Nilikuja na kiti changu na chupa ya chai, nikijua gari linalochemka huchunguzwa kutwa nzima. Ukapima maji kwenye rejeta, ukasikiliza pampu, ukazungusha feni kwa kidole, kisha ukainama mbele ya gari ukaangua kicheko. "Mama, gari lako limevaa sweta!" Gereji nzima ikaja kutazama. Chai hata sijamimina.

2. Ile si sweta. Ni kifuniko nilichokishona mwenyewe kwa blanketi kuukuu, marehemu aliponiambia vumbi linaziba rejeta. Nilikipima vizuri, nikakitia pindo na kamba nne za kufungia. Na vumbi kilizuia. Kwamba kilizuia na upepo pia, hilo sikulifikiria. Shuleni nilifundishwa kushona, upepo haukuwemo. Lakini kukishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, mbele za watu, haikuwa haki.

3. Miaka yote nilidhani tatizo ni uzito wangu. Shemeji, ambaye ndiye utingo wetu, alizoea kusema, "Shemeji, gari hili likikuona tu linapata homa. Tukienda mimi na kaka, wala!" Nikaacha sukari. Nikaacha hata kubeba mkoba. Nilipomwuliza marehemu kama ni mimi, akajibu, "Huenda," akaendelea kunyoa ndevu. Sasa unaniambia ni blanketi. Utamu wa chai zote zile nitarudishiwa na nani?

4. Hili ndilo kubwa. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa maneno mawili, "sawa" na "chumvi". Lakini gari likichemka katikati ya mlima wa mnara wa simu, aliegesha, akafungua boneti, akashusha viti viwili vya wateja, tukakaa tukingoja lipoe. Hapo ndipo alipoongea. Nilijua hapo kwamba utotoni aliogopa giza. Jina la binti yetu tulilichagua hapo. Na ni hapo aliponiambia, huku akiipepea injini kwa kofia kama mgeni aliyezimia, kwamba kifua kinambana. Wiki hii nimeupanda mlima ule bila kusimama. Nimefika nyumbani mapema mno, na nyumbani hakuna mtu.

Kwa hiyo naomba ukirudishe kifuniko na kukaza kamba zote nne. Hilo likishindikana, toboa rejeta kidogo. Na hilo nalo likishindikana, niandikie cheti kwamba gari ni gonjwa, nimwonyeshe shemeji anaponiharakisha.

Wasalimie mafundi wote, na yule mpaka rangi aliyecheka hadi akakaa chini, na paka anayelala kwenye matairi.

Ni mimi, mwenye majonzi na gari zima,
Mama Viti

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shemeji ameisoma barua hii. Akacheka, kisha akaisoma tena. Anasema kaka yake alizifungua zile kamba kila walipotoka wawili, na kuzikaza tena kila asubuhi ya safari yangu. "Nilikatazwa kusema, shemeji."

Basi usirudishe chochote. Kama yeye aliweza kulitia homa gari zima ili tukae tu, mimi nashindwaje? Leo nimeegesha pale mlimani, mshale wa joto ukiwa chini kabisa, nikashusha viti viwili. Dereva mmoja akasimama kuniuliza kama nahitaji maji. Nikamwambia asante baba, limechemka kidogo tu, nangoja lipoe.