Miguu Mipya ya Ndege ya Jamaldin

Jumatatu, 1 Machi 1948

Bimdogo amelia tena asubuhi. Mama mkwe wangu si mtu wa kulia ovyo. Jana msafiri alimletea habari kwamba dada yake Mejumaa, aliye Lamu, hajiwezi kitandani na kutwa anamtaja yeye. Hawajaonana tangu kabla ya vita. Na Bimdogo na bahari hawaelewani. Mara ya mwisho alitapika mpaka akamwomba nahodha amtose majini. Anasema nahodha alilifikiria.

Mke wangu Sheikha akasema yuko Zein, ana lori linalokwenda pande za Lamu kila wiki, tumwombe. Zein! Dalali mwenzangu na jirani yangu hapa Kibokoni, ambaye hajaacha kunicheka tangu nilipopeleka barafu Malindi kwa baiskeli. (Ilifika. Ilifika ikiwa maji, lakini ilifika.) Nimwombe yule? Nikasema mama mkwe wangu si gunia la mchele.

Kisha nikasikia ulimi wangu unasema atakwenda kwa ndege.

Bimdogo akafuta machozi akaniangalia kama mtu. Miaka kumi na miwili nimeoa katika nyumba hii, ni mara ya kwanza.

Kufika alasiri mtaa mzima unajua. Zein ameniuliza kama ndege yenyewe nitaipakia barafu.

Jumanne, 2 Machi

Nimekwenda kwa Jamaldin. Kijana mpole, mwana wa wauza nguo wa Ndia Kuu, alijifunza urubani Bara Hindi wakati wa vita na sasa ana kijindege chake mwenyewe, kiko kwenye kiwanja ng'ambo ya Makupa. Nikamweleza habari ya Bimdogo. Akasikitika kweli. Ila akasema Lamu hatui tena. Kiwanja cha kule ni mchanga mtupu, na magurudumu ya ndege yake ni membamba. Mwezi uliopita yalizama, ikabidi ndege ivutwe na punda sita mbele ya watu wote. Hapendi kulizungumza.

Hapo akili yangu ikawaka. Nikamwambia ndege yake haina ubaya, imevaa viatu vya harusi kwenda shambani. Ivishwe magurudumu manene!

Akauliza yatatoka wapi. Nikamwambia aniachie mimi. Ni maneno niyapendayo kuliko yote.

Jumatano, 3 Machi

Mnada wa vyuma vya jeshi, Makupa. Nimeona magurudumu mawili ya trela, manene, mazuri, kila moja linanifika kiunoni. Zein naye alikuwapo, na kila nikitaja bei anapandisha, ilhali hana haja nayo hata kidogo. Mwisho nikatupa na baiskeli yangu juu ya bei. Zein akanyamaza. Ushindi!

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikiyaviringisha. Jua kali la kaskazi. Moja lilinitoroka karibu na soko likaingia kwenye matungule ya mtu, nyanya zikawa mchuzi. Tumeelewana.

Alhamisi, 4 Machi

Yamefungwa. Musyoka, fundi wa kuchomelea wa Liwatoni, amefanya kazi kutwa. Ekseli za ndege zilikuwa fupi kwa magurudumu yale, akaziunga kwa vipande vya chuma. Ndege imesimama juu, pua mbinguni, kama kuku aliyevaa viatu vya askari. Mimi nimeiona inapendeza. Jamaldin ameizunguka mara nyingi, kila mara akiigusa ekseli.

Ndipo akaja Wekesa, karani wa kiwanja. Mtu wa bara, shati limepigwa pasi, hana haraka. Akatusalimu vizuri, akauliza mabadiliko haya yameidhinishwa na nani. Nikajibu yameidhinishwa na mwenye ndege na mwenye magurudumu. Akasema sheria haiwajui hao wawili. Ati anayebadili miguu ya ndege sharti apeleke mchoro, kisha mkaguzi kutoka Nairobi aje aione, aijaribu, ndipo iruke.

Nikamwambia ni viatu tu, bwana.

Akasema, "Bwana Gharib, kiatu kikikatika njiani, mtu huinama akakiokota. Hapa atainama wapi?"

Akafunga ndege kwa mnyororo. Mkaguzi atakuja kwa gari la moshi Jumatano ijayo. Bimdogo ameshafunga kikapu chake.

Ijumaa, 5 Machi

Baada ya sala nimekwenda nyumbani kwa Wekesa na halua, ile nzuri, yenye lozi. Nia yangu ilikuwa safi: kumlainisha. Mkewe Zilpah amenikaribisha kwa chai. Wameila halua. Wameisifu. Wakanishukuru. Nikataja mnyororo. Wekesa akasema mnyororo utabaki.

Kisha akanisimulia, bila kuniangalia. Wakati wa vita alikuwa kwenye kiwanja cha jeshi huko kaskazini. Ndege moja ilitua vizuri kabisa, mguu mmoja ukakunjika, ikapinduka. Vijana wawili. Mmoja alikuwa akimfundisha Wekesa kusoma ramani. Ni yeye aliyewatoa mle ndani. Zilpah akainuka akaongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Niliguswa sana. Nimetembea nikiwa nimeguswa mpaka karibu na nyumbani. Hapo nikakumbuka kwamba alisema sharti mchoro. Basi mchoro ataupata!

Jumamosi, 6 Machi

Mchoro umekwisha. Nimempa kazi mchonga milango, maana nani Mombasa ana mkono kama wake? Nilimweleza magurudumu kwa maneno na mikono. Amechora kazi ya ajabu. Kila gurudumu limezungukwa na mayungiyungi, na ekseli imepambwa kwa mnyororo wa maua mpaka mwisho. Nilimuuliza mbona maua. Akasema bila maua ni chuma tu.

Sheikha ameutazama mchoro muda mrefu. Akauliza kama ndege itaruka ama itaolewa. Akasema tena lile neno la lori. Sikumsikia.

Jumatatu, 8 Machi

Siku mbaya.

Habari mpya kutoka Lamu: Mejumaa hali tena, ni maji tu. Bimdogo hakulia. Alikaa tu mlangoni na kikapu magotini. Sikuweza kumtazama. Nikamkodia teksi mpaka kiwanjani, nikamwambia Jamaldin ajionee mwenyewe. Jamaldin moyo wake ni samli. Alipomwona alisema twende, liwalo na liwe. Nami nilikuwa nimekwisha kumwomba msumeno Musyoka.

Mnyororo ukakatika. Bimdogo akapanda, akavuta buibui, akapiga bismillahi kwa sauti. Pangaboi la puani likazunguka. Mimi nikashika kofia yangu na kupunga mkono kama mtu aliyefaulu.

Wekesa akatoka ofisini. Hakukimbia. Akaja akasimama mbele ya ndege, mikono nyuma, shati lake linapepea lote.

Jamaldin akapiga kelele atoke. Wekesa akapiga kelele naye: "Basi nipitie mimi kwanza!"

Jamaldin akazima injini.

Bimdogo akashuka. Nilidhani atamlaani karani. Akamwendea, akamuuliza, "Mwanangu, waogopa nini?" Wekesa akamwambia, "Nakuogopea wewe, Mama." Bimdogo akamtazama, akafungua kikapu, akampa mkate wa mofa. Mimi hakunipa.

Tumerudi kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma na kikapu.

Jumanne, 9 Machi

Nimeongea na Jamaldin kuhusu jaribio la kesho. Ndege itapakiwa mifuko ya mchanga, uzito wa abiria na mizigo, itainuliwa kwa winchi kimo cha goti, halafu itaachiwa ianguke kwa miguu yake. Ikisimama, imefaulu. Mifuko iko tayari, imepangwa nyuma ya banda.

Nimewaza. Mchanga ni mzito bure. Ndege ikifaulu kesho, Bimdogo anaruka keshokutwa. Isipofaulu, Mejumaa anakufa bila kumwona dada yake, na kosa ni langu. Kuna ubaya gani kuisaidia kidogo?

Adhuhuri Wekesa alipokwenda kula, nimemwaga mchanga wa mifuko mingi na kujaza makumbi ya nazi. Juu nimetia mchanga kidogo, kwa adabu.

Jumatano, 10 Machi

Naandika mkono ukiwa bado mzito.

Mkaguzi ni Mzungu mwembamba, mkimya, kofia kubwa. Akautazama mchoro wangu kwa makini, ukurasa mzima, mpaka nikaanza kujivuna. Wekesa akatafsiri: bwana anasema hajapata kukataa mchoro mzuri kuliko huu. Anasema kwa macho tu angeweza kuizuia ndege. Gurudumu kubwa hukamata mchanga kwa nguvu zaidi, na nguvu zote zinakwenda kwenye ekseli iliyoungwa. Lakini Jamaldin ameomba ijaribiwe kwa hasara yake, basi ijaribiwe.

Watu walijaa. Zein alikuja na kiti chake. Bimdogo alikuja na Sheikha, kikapu mkononi, akakaa kivulini.

Mifuko ikapakiwa. Wapagazi waliibeba miwili miwili wakicheka, nikawakazia macho. Winchi ikainua ndege. Mkaguzi akainua mkono.

Nilijua itafaulu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Wakati ule ule Bimdogo akainuka, akasogea kwa Wekesa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kiti chake kitakuwa kile kile cha juzi, maana angependa kuona nchi kavu. Wekesa akamwonyesha. Kilikuwa juu ya gurudumu la kushoto. Bimdogo akakitazama, akatabasamu. Uso wake ulikuwa kama wa msichana anayepelekwa Idi.

Sijui ni nani aliyepiga kelele. Sheikha anasema ni mimi.

Nilisema, "Makumbi! Mifukoni mna makumbi!"

Mkaguzi akashusha mkono. Wekesa akapasua mfuko mmoja kwa kisu, makumbi yakamwagika. Hakunikaripia. Hata Zein hakucheka. Jamaldin alinitazama tu, na ningeona afadhali anipige. Mifuko ikajazwa mchanga upya. Nimeijaza mimi, kwa koleo, juani, mbele ya mtaa mzima.

Winchi ikainua tena. Mkono ukashuka.

Mguu wa kushoto ulikatika kwa sauti kama ya mlango wa chuma. Bawa likapiga chini, pangaboi likavunjika, na gurudumu langu likaenda zake kiwanjani, likaviringika kwa raha, likamfuata Zein mpaka akakiacha kiti. Kile kiti cha Bimdogo kilikuwa kimelala ardhini, kimekunjika.

Bimdogo alikitazama. Kisha akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtoto, akasema, "Ulipiga kelele, mwanangu. Yatosha."

Nimelia. Nasema ni jua tu.

Ijumaa, 12 Machi

Sheikha hakuniuliza. Jana alfajiri alivaa buibui akavuka kichochoro, akagonga kwa Zein. Zein alimtia Bimdogo kiti cha mbele cha lori, akamwekea na mto. Hakutaka chochote. Kile kipande cha maji cha kuvukia kuingia Lamu, Bimdogo kasema atakivuka kafumba macho.

Jamaldin nimemwendea kumwomba radhi. Amesema miguu ya asili itarudishwa, na pangaboi jipya limeagizwa. Akaniambia wiki nzima alijua magurudumu yale si sawa, akaona haya kunivunja moyo. Tumekubaliana siku nyingine anivunje.

Jumanne, 16 Machi

Alhamdulillahi! Simu ya maandishi imekuja posta kutoka Lamu. Bimdogo amefika. Mejumaa alipoisikia sauti yake alikaa kitandani, akadai uji, akaunywa, akalalamika hauna sukari. Wanagombana tangu hapo. Sheikha amecheka mpaka akaketi chini.

Zein ndiye shujaa wa mtaa. Hata mimi nimemwamkia kwanza. Nimemwambia Sheikha mbele ya Mungu kwamba sasa nimejifunza: sheria imewekwa kwa ajili ya watu, na haraka haina baraka. Alinishika mkono. Jioni nzuri sana.

Jumatano, 17 Machi

Leo nimepita Liwatoni kumrudishia Musyoka msumeno wake. Pana boila la meli nzee linauzwa, kubwa, lina kutu kidogo tu. Mwenyewe atalitoa kwa kitanda chetu cha samadari. Nikasimama. Kibokoni nzima hakuna nyumba yenye maji ya moto ya bomba! Boila moja uani, mabomba kwa majirani wote, na Zein mwenyewe atakuja kupiga magoti apate kuoga.

Nimepita kwa Wekesa, nikamuuliza kwa mbali sana, bila kutaja chochote, kama kuna mkaguzi wa maboila hapa Mombasa. Akaniangalia. Akaweka kalamu chini. Akasema yuko, lakini mwezi huu yuko likizo.

Linaletwa kesho asubuhi. Nimemwambia Sheikha asianike nguo uani. Hakuuliza kwa nini. Ameinuka, ameanza kuvihamisha vyungu vyake kwa jirani.