Tafadhali Tukatieni Umeme Kabla ya Jumamosi

Kwa Meneja wa Umeme,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kengele isiyolia.

Mheshimiwa Meneja,

Salamu nyingi, na pole kwa matusi ya siku hizi sita. Anayekuandikia ni mzee aliyeokoa roho nane na baridi umeme ulipokatika, kwa meko aliyoyajenga kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ya mikono si kweli. Meko niliyakuta ukutani, na chumba hiki nilipewa kwa sababu wenzangu walikikataa, wakisema kinanuka masizi. Na roho zenyewe ni saba. Ya nane ni yangu. Nimesoma mpaka darasa la nne, ila la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo nihesabie la tano.

Nyumba hii ilikuwa na meko manne, kila jiko na bomba lake la moshi. Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu, ni mwashi. Umeme ulipofika akaziba matatu kwa matofali, akasema mambo ya masizi yamekwisha. Basi umeme ukakatika. Mke wa mwanangu akaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Binti yangu, ambaye ni nesi, akalitoa nje mbiombio: "Mnataka kuota moto au mnataka kuzikwa?" Kikabaki chumba changu. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mwashi, blanketi mabegani: "Shikamoo baba. Eti, moto unawaka?" Tangu amwoe binti yangu sijapata kusikia shikamoo tamu namna ile.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umerudisha umeme jana Jumatano, saa tisa alasiri, bila kunipa taarifa. Nilikuwa katikati ya hadithi ya siku niliyopambana na fahali. Taa ilipowaka wakasimama wote kama wamesikia kengele ya shule, wakaniacha na fahali wangu. Mpaka naandika hapa hakuna aliyerudi kuuliza nani alishinda.

2. Dada yangu na mimi hatusemezani huu mwaka wa pili, kisa nilitaja mbele ya wageni kwamba anakoroma. Lakini moto ukiwa mmoja, magoti yanagusana, na magoti hayajui kununa. Siku ya tano akaniambia, "Sogeza birika, mzee usiye na haya." Ni maneno mengi kuliko yote tangu tununiane. Nilikuwa nangoja mengine. Wewe ukawasha taa, akaenda zake kwenye hita.

3. Hita, Mheshimiwa, ni moto usio na adabu. Kila mtu anajifungia na wake. Nikitaka kumwona mjukuu nabisha mlango, najibiwa, "Babu, funga, joto linatoka!" Kwani baridi ni mimi?

4. Hili ndilo linaloniuma. Siku ya tatu ya giza mkwe wangu, miguu kainyoosha motoni, alisema, "Baba, atakayeyagusa meko haya tutagombana." Leo Alhamisi nimekuta matofali arobaini na mawili kwenye korido. Nikamuuliza. "Aa, baba, Jumamosi naziba, tupate pa kuweka kabati." Kabati! Jumatatu anasafiri kwenda kujenga shule mbali, harudi mpaka kipupwe kiishe. Jumamosi hii ikimpita, nimepona. Isipompita, nitabaki mimi na kabati tukitazamana.

Kwa hiyo naomba mtukatie umeme kuanzia kesho asubuhi mpaka Jumatatu. Hakuna mwashi anayeziba moto anaouota. Hospitali iacheni. Kama mji mzima ni mwingi, mtaa wetu unatosha. Msiseme nguzo imeanguka, watu watakwenda kuitazama. Semeni matengenezo, hayo hakuna anayeyauliza. Na ikikupendeza, fanyeni hivyo kila mwezi, ili niwe najua lini nitapata wageni.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia mama anayefagia ngazi hadi yule anayepokea simu na kusema "tunalishughulikia". Mwambie sauti yake tumeshaizoea kama ya ndugu.

Ni mimi mteja wako mtiifu,
Mzee wa Chumba cha Masizi

Nyongeza, Ijumaa: Usihangaike tena kukata umeme. Jana nilipoleta barua nilikuta ofisi imefungwa, nami sina subira. Leo asubuhi nimezima swichi kuu nyuma ya mlango wa jikoni, nikachomoa fyuzi. Iko ndani ya soksi yangu. Sote wanane tuko motoni, na wanakutukana wewe. Nimewakataza, ila si kwa sauti kubwa. Mkwe anajiandaa kwenda kumwita fundi wenu wa nguzo. Fundi huyo, siku ya nne ya giza, alikausha buti zake kwenye moto wangu na kunywa chai vikombe vitatu, nami sikumwomba kitu. Sasa namwomba: aje Jumatatu, mkwe wangu akishapanda basi.