Kitabu cha Babu Kimekataa Jina Langu

Jumatatu, 9 Juni
Jumamosi tunamaliza matanga ya babu. Binamu Octave ameandika maisha yake kwenye kompyuta, kitabu kizima, kila ndugu atatumiwa kwenye simu. Ndani kuna orodha ya wajukuu, na wa kwanza kwenye orodha ndiye atashika mikro, kipaza sauti, kusoma mbele ya watu. Wa kwanza ni nani? Octave! Mimi wa nne. Mimi niliyembeba babu mgongoni mpaka kule mtaa wa Simi-Simi! (Mara moja. Aliomba kushuka.)

Jumanne, 10 Juni
Kompyuta iko sebuleni kwa shangazi yetu, tante Gertrude. Alipokwenda sokoni, nikafungua kitabu, nikapandisha jina langu juu, nikahifadhi. Ikakataa! Eti faili inatumiwa na programu nyingine. Octave amenifungia. Roho mbaya ile!

Jumatano, 11 Juni
Nimemuuliza Safiya, anayechapa barua za watu pale sokoni. Nikasema ni shida ya rafiki. Akasema hakuna aliyefunga kitu. Kuna programu nyingine imekifungua. Kumbe ni tante, anakisoma kwenye programu ya kusomea na haizimi. Nizime ile kwanza. Halafu akacheka: "Alors, rafiki yako naye iko anaitwa Médard?" Mwanamke huyu ana dharau.

Alhamisi, 12 Juni
Tante habanduki. Amefika pale babu anauza samaki kule Yanonge, analia, anafuta miwani, anaanza upya. Nimemwonya kuhusu macho. Akanivutia kiti tulie pamoja. Saa mbili nzima!

Ijumaa, 13 Juni
Tante kaenda kwaya. Nikazima programu yake, nikajikata kule chini, nikajibandika juu kabisa. Imekubali! Nikakifungua tena kwenye ile programu ya kusomea, nijitazame. Nimependeza mno. Nimekiacha wazi.

Jumamosi, 14 Juni
Asubuhi nikasoma kichwa cha orodha yangu. Mama yangu! Ni orodha ya marehemu wa familia. Mbio kurekebisha, faili inatumiwa. Octave tena! Hapo hapo akaingia, akanisukuma, akakituma kwa ndugu wote. Mchana akashika mikro, akaanza na marehemu: Médard! Wamama wakapiga yowe kama desturi. Nilikuwa nimesimama mbele yao na sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo.

Jumapili, 15 Juni
Nimefikiri vizuri. Ndugu wote wana kitabu. Kwenye orodha ile mimi ndiye wa kwanza, juu hata ya baba yake babu. Na Octave? Hayumo kabisa! Ajaribu kuingia, tuone.